Kompyuta inayojizima na kujiwasha: historia fupi, kutoka 1981 hadi Katoro

Mwaka jana nilienda Katoro, mkoani Geita, kumsalimia kaka yangu, nikakuta kuna kesi. Kompyuta ya mezani aliyonunua mtumba ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, mara tatu au nne kwa siku. Fundi wa mtaani alishapiga Windows mara mbili, akapuliza vumbi, akalipwa. Tatizo likabaki palepale. Basi kaka akatoa hukumu: "Huyu dogo kanibadilishia RAM." Maneno yakasambaa, na kufikia siku niliyofika, wateja walikuwa wameanza kumkwepa yule kijana kama mwizi.

Mimi si fundi, nasoma fizikia. Lakini nilijua kwamba tabia hii ya kompyuta ina historia yake, na historia hiyo inaweza kumsafisha mtu.

Tuanze na swali rahisi. Umeme ukiyumba, taa hufifia kisha hurudi. Kwa nini kompyuta nayo isifanye hivyo? Kwa nini ianze upya kabisa?

Jibu liko kwenye waya mmoja mdogo. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, pawasaplai yake ilikuwa na waya ambao haukupeleka umeme wa kuendesha kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kutoa taarifa tu, kwamba volteji zote ziko sawa. Taarifa hiyo ikikatika, prosesa inasimamishwa papo hapo. Ikirudi, prosesa inaanza kazi mwanzo. Sababu ni kwamba prosesa yenye umeme pungufu inaweza kukosea hesabu bila kujua, ikaandika uongo kwenye faili zako. Wahandisi waliona heri kompyuta isahau kila kitu kuliko kukudanganya. Intel ilipotoa viwango vya ATX mwaka 1995, waya huo ulibaki, na kompyuta nyingi za mezani tunazotumia zinao hadi leo.

Viwango hivyo vinaitaka pawasaplai ivumilie umeme kukatika kwa takribani milisekunde 16. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Kwa hiyo ukikosekana mzunguko mmoja tu, ambao jicho lako linaweza lisiuone, kompyuta ina haki ya kujiwasha upya. Kinachoipa uvumilivu huo ni kapasita, ambazo ni kama ndoo ndogo za kuhifadhi umeme. Kapasita zikichoka kwa umri na joto, ndoo inapungua. Sasa fikiria mashine ya mtumba iliyofanya kazi miaka kumi kabla ya kufika Katoro.

Ila umeme sio sababu pekee, na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, ilipangwa ijiwashe upya yenyewe baada ya hitilafu kubwa, hata kabla hujasoma ujumbe wa kosa. Agosti 2003 kirusi Blaster kikasambaa duniani, kikawa kinawahesabia watu sekunde 60 kisha kompyuta inajiwasha upya. Mwaka uliofuata kikaja Sasser, kilichoandikwa na kijana wa Ujerumani, kikafanya vilevile. Nadhani mazoea yetu ya kukimbilia kupiga Windows yalikolea miaka ile, kwa sababu kweli yalisaidia.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na janga jingine la kimyakimya. Kapasita mbovu, nyingi zikitoka Taiwan, zilikuwa zinavimba na kupasuka kwenye madabodi za kampuni mbalimbali. Mwaka 2005 Dell ilitenga takribani dola milioni 300 kwa ajili ya kulishughulikia tatizo hilo. Kompyuta hizo ungeweza kuzipigia Windows hadi kesho, zisipone. Ugonjwa ni mmoja kwa macho, lakini chanzo ni tofauti kabisa.

Tutatofautishaje sasa? Kwa daftari. Nilimwomba kaka aandike saa kila mara kompyuta inapojizima. Wakati huohuo nilifungua kasha: kapasita hazikuvimba, na RAM ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye risiti ya kununulia. Baada ya wiki moja daftari likaongea lenyewe. Matukio yote yalikuwa kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Usiku hakuna. Jumapili hakuna. Kirusi gani kinapumzika Jumapili?

Siku ya nane nilikaa mbele ya ile kompyuta, nikiangalia taa ya sebuleni. Taa ikafifia, kompyuta ikazima na kuwaka, na nyuma ya nyumba ukasikika mngurumo. Kumbe jirani alikuwa amefungua mwalo, akaweka karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake kwa muda mfupi. Nyumba zote za transfoma ile zilikuwa zinapunguziwa volteji kila karasha linapowashwa.

Hili nalo lina historia. Gridi ya taifa ilitufikia Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa njia ndefu ya kilovolti 220 kutoka mabwawa ya kusini, ikipita Dodoma na Singida hadi Shinyanga na Mwanza. Kadiri njia inavyokuwa ndefu na mzigo mkubwa, ndivyo volteji inavyoshuka mwishoni. Ndiyo maana miaka ya 2010 ikajengwa njia mpya ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, karibu kilomita 670. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, ulijitegemea kwa majenereta yake. Mchimbaji mdogo hana uwezo huo. Karasha lake linakula sahani moja na kompyuta ya mwalimu na friji ya mama ntilie.

Dawa ilikuwa UPS ndogo. UPS ya kawaida huhamia kwenye betri ndani ya milisekunde kumi hivi, kabla uvumilivu wa pawasaplai haujaisha. Kile kifaa cha kulinda friji hakifai hapa, maana chenyewe hukata umeme kisha kinasubiri dakika kadhaa.

Tusimcheke kaka. Nchi nzima iliwahi kupita njia hiyo. Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Kazi ya kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta ikaenda vibaya: taarifa zilizoingizwa zilikuwa na makosa, wataalamu wetu walikuwa wachache, gharama zikapanda. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na marufuku hiyo ilianza kulegea miaka ya 1980. Mashine ilibeba lawama nyingi, ilhali shida kubwa ilikuwa kwenye mazingira iliyowekwa.

Siku UPS ilipofungwa, karasha liliwashwa mara sita na kompyuta haikutikisika. Kaka alikaa kimya kidogo, halafu akavaa viatu akaenda kibandani kwa yule kijana. Alimwomba radhi mbele ya watu, palepale alipomchafulia jina. Fundi naye akaomba aazimwe lile daftari.

Kwa hiyo kompyuta yako ikianza vituko hivi, kabla hujapiga Windows na kabla hujamtuhumu mtu, andika saa.