Sauti ya Pili: Historia ya Watu wa Akiba Jukwaani

Mitunguu si mji wa kumbi za maonyesho. Upo Imenti Kusini, kaunti ya Meru, pale ardhi inapoteremka na joto kuanza kupanda kuelekea Tharaka, na anayeujua anaujua kwa ndizi: mradi wa unyunyiziaji unaotumia maji ya mto Thingithu, migomba, malori yanayopakia mikungu kwenda Nairobi. Hata hivyo muziki wa jukwaani upo. Upo kwenye baa, ambako mwanamuziki mmoja na gitaa lake huchezesha watu hadi usiku wa manane. Upo shuleni pia, ambako kwaya huanza mazoezi ya tamasha wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Baa na shule hujiuliza swali lilelile lililowasumbua wenye bendi, vikundi vya taarabu na majumba makubwa ya ng'ambo: mwimbaji mkuu asipotokea, nani ashike nafasi yake?

Historia hii ni ya hao wanaoishika, watu wa akiba. Kwa kawaida hawatajwi mpaka wahame bendi au wafe.

Mwanzo wake ni ngomani. Katika nyimbo za jadi za Wameru, Watharaka, Wachuka na Waembu, mwimbishaji hutoa na wenzake huitikia. Kirarire, zile nyimbo za mafumbo zilizoambatana na jando, kilimtaka mwimbishaji mwenye kichwa chepesi, kwa kuwa fumbo lilirushwa na kujibiwa papo hapo. Koo likimkauka, aliyekuwa akiitikia kando yake alidaka. Hakukuwa na haja ya kumtafuta mtu nyuma ya pazia, maana hata pazia halikuwapo. Aliyeitikia usiku kucha alikuwa ameshajifunza kazi.

Utaratibu huo ndio uliohamia kwenye muziki wa mjini, ukabadilisha mavazi tu. Zanzibar, kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na maisha yake marefu yametokana na kutomtegemea mtu mmoja: taarabu ya kikundi hupokezana waimbaji, huyu akishuka na wimbo wake, yule anapanda na wake. Siti binti Saad alikuwa kinyume cha hapo. Yeye alikuwa jina. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, watu walinunua sauti yake, na wapigaji mahiri waliomzunguka hawakujulikana kwa kiwango hicho. Siti alifariki mwaka 1950, na mmoja wa waliozibeba nyimbo zake alikuwa Bi Kidude, aliyekuwa akimsikiliza tangu utotoni. Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Zaidi ya miaka 60 alikuwa akiimba, pamoja na mengine, nyimbo za mtu aliyekwishaondoka. Na hakuna aliyethubutu kumwita mtu wa akiba.

Sehemu iliyonona zaidi ya historia hii ni ya muziki wa dansi, hasa Dar es Salaam na Nairobi.

Mwaka 1964 ilizaliwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake waliajiriwa na kulipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mwimbaji aliyeamua kuondoka aliondoka na koo lake tu. Gitaa, spika na jina la bendi vilibaki. Kwa hiyo bendi iliweza kupoteza nyota wake Ijumaa na bado ikapiga Jumamosi. Mbele walisimama waimbaji watatu au wanne, wakiimba kiitikio pamoja kwa sauti ya kwanza na ya pili, na mmoja wao akichomoza kwenye beti. Wa pili alikuwa ameziimba beti hizo kimoyomoyo kwa miezi. Siku mwenzake alipougua, au alipogombana na kiongozi, alipiga hatua moja mbele kwenye maikrofoni.

Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa NUTA tangu mwanzo. Mwaka 1978 yeye na mpiga gitaa Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, bendi ambayo baadaye iliingia mikononi mwa shirika la DDC na kujulikana kwa mtindo wa Sikinde. Huko alikotoka, bendi ilibadilisha jina pamoja na chama: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Haikufa. Katika miaka ya 1980 aliibuka TX Moshi William, sauti ambayo kizazi kizima kiliiona kuwa ndiyo Msondo yenyewe, kana kwamba Gurumo hakuwahi kuwapo. Kisha Gurumo akarudi! Wawili hao wakasimama jukwaa moja, wa kwanza na aliyekuja kuziba pengo lake, na haikuwa rahisi tena kusema nani ni wa akiba wa nani. Moshi alifariki Machi 2006, Gurumo Aprili 2014. Shaban Dede, aliyepita Sikinde na Msondo, akiziba hapa na kuacha pengo kule, alifariki Julai 2017. Msondo iliendelea kupiga baada ya wote watatu.

Mlimani nayo ilipimwa mwaka 1985. Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwanyakua wanamuziki sita wa Mlimani kwa mpigo, wakiwemo Gurumo na Balthazar. Kwa bendi ya mtu binafsi hilo lingekuwa kaburi. Mlimani ilipanga upya safu, waliokuwa wakiitikia wakaongoza, wageni wakaingizwa, na mashabiki waliokuja kuona inavyoanguka wakarudi nyumbani wakiimba nyimbo mpya.

Linganisha hilo na Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa mpiga gitaa, mtunzi, mwimbaji na mwenye bendi. Alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na bendi hiyo ilikuwa yeye. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, na Super Volcano haikudumu bila yeye. Si kwamba ilikosa wapigaji hodari. Nafasi ya mbele ilishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na hakuna aliyewahi kuzoeshwa kusimama hapo.

Nairobi ina mfano ambao Mitunguu inaufahamu hata bila kujua, kwa sababu sidhani kuna baa kati ya Nkubu na Tharaka ambayo haijapiga wimbo wa akina Wanyika. Wilson na George Kinyonga, ndugu wa kutoka Tanga, walifika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Simba Wanyika yao. Mwaka 1978 uti wa mgongo wa bendi ulichomoka: Omar Shabani wa gitaa la rizimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma wakaunda Les Wanyika. Sauti ya mbele ilikuwa Issa Juma, na kando yake alisimama John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akipiga na kundi lingine. Haikuchukua muda Issa Juma akaenda zake kuanzisha Super Wanyika. Ngereza, aliyekuwa wa kando, akawa ndiye Les Wanyika, akaibeba mpaka alipofariki mwaka 1999. Simba Wanyika kwa upande wake iliajiri wengine ikaendelea, maana wenyewe, wale ndugu, walikuwapo. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo. Wanamuziki walizibika, wenye bendi hawakuzibika.

Franco wa Kinshasa alilijua tatizo hili mapema. Bendi yake, TPOK Jazz, ilikua mpaka ikawa na watu wa kutosha bendi mbili, na yeye alipokuwa Ulaya, naibu wake Simaro Lutumba alibaki Kinshasa akiongoza nusu nyingine. Franco alifariki Oktoba 1989 na Simaro akashika usukani. Miaka michache baadaye ulizuka mgogoro wa mapato na familia ya marehemu, Simaro na wenzake wakatoka na kuunda Bana OK. Naibu aliweza kila kitu isipokuwa kurithi.

Kuna mchezo mmoja wa Kenya unaostahili kukaa peke yake. Tarehe 2 Oktoba 1977, kijijini Kamirithu, Limuru, ulifunguliwa mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo uliojaa nyimbo na ngoma. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi, na jukwaa lilijengwa na wanakijiji. Mazoezi yalifanyika wazi, mbele ya yeyote aliyetaka kuketi na kutazama, kusahihisha wimbo au kubishia namna mzee anavyopaswa kuketi. Kijiji kiliyapata maneno ya mchezo kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Kwa maoni yangu hakuna kundi jingine Afrika Mashariki lililowahi kuwa na akiba kubwa kiasi hicho: wiki nzima ya mvua na homa isingeweza kulifunga. Lilifungwa na serikali, tarehe 16 Novemba mwaka huohuo. Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Majumba ya New York na London yana mpango mwingine. Huko mtu wa akiba huajiriwa kwa mkataba, hulipwa hata usiku asioimba, na baadhi yao hukariri nafasi nyingi kwa mara moja. Tarehe 23 Desemba 2021, korona ikiwa imerudi kuvuruga ratiba, mwigizaji mkuu wa kike wa mchezo wa muziki The Music Man huko New York, Sutton Foster, hakuweza kupanda. Kathy Voyles alipanda mahali pake. Baada ya onyesho Hugh Jackman, nyota wa kiume, alimtambulisha kwa watazamaji, akaeleza kuwa Voyles alipofika kazini mchana huo angeweza kupewa yoyote kati ya nafasi nane. Video ya maneno hayo ilizunguka dunia. Wengi walioitazama, nadhani, ndiyo kwanza wakajua kwamba kuna kazi ya namna hiyo.

Sasa Mitunguu.

Msanii wa gitaa moja, huyu wa mugithi, ana gitaa lililounganishwa na spika, mdundo unaotoka kwenye kinanda au mashine, na kumbukumbu ya nyimbo nyingi kuliko kitabu. Anaziunganisha bila kukata, watu wameshikana viuno kwa mstari, na kila meza inayompa noti inatajwa jina. Nyimbo nyingi za usiku huo si zake. Ni za Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018, na za wakongwe wenzake. Meru zinachanganywa na za Kimeru na zile za akina Wanyika. Kwa hiyo yeye mwenyewe ni wa akiba, anashika nafasi ya watu ambao hawatakuja. Lakini siku yeye asipofika, hana wake. Mwenye baa anapiga simu Nkubu au Meru mjini, mwingine anakuja na gitaa mgongoni, anaanza na zilezile, na ifikapo saa nne hakuna mteja anayekumbuka bango lilisema nani. Aliyekosa hapotezi wimbo. Anapoteza malipo ya usiku, na mara nyingi anapoteza na Jumamosi zinazofuata.

Shuleni mambo yako mbele zaidi. Tamasha la Muziki la Kenya lina mizizi katika miaka ya 1920, la Drama lilianza mwaka 1959, na yote mawili yamewafundisha walimu adabu ya kutoamini koo moja. Safari ya mashindano huanza alfajiri, kwenye basi lenye baridi, watoto wakiimba njia nzima ingawa wamekatazwa. Wakifika, mwimbishaji amekaukwa na sauti. Mwalimu anayejua kazi yake hashtuki. Ana msichana wa pili, aliyefanya mazoezi ya beti zote tangu mwanzo wa muhula. Anamwita pembeni, anamwimbisha mstari wa kwanza polepole, anasikia kuwa sauti yake iko chini kidogo, kisha anaenda kwa wapiga ngoma na waitikiaji kuwaambia tunaanzia chini leo. Huo ndio ufundi wote: si kumlazimisha wa pili afanane na wa kwanza, ni kuishusha kwaya nzima imfuate. Majaji hawaulizi nani alikuwa aimbe. Wanaandika alama za waliyemsikia.

Nimewahi kumsikia mzazi akilalamika kwamba binti yake alikariri wimbo mzima kwa muhula mzima na hakuimba hata mstari. Ana haki. Cheti huandikwa jina la shule, picha hupigwa na mwimbishaji, na aliyekuwa tayari hurudi kwenye basi bila kitu. Kwa historia niliyoieleza, huyo ndiye anayeamua kama kwaya itakuwapo mwakani au la.

Basi wenye baa wa Mitunguu na Nkubu, na nanyi walimu wa kwaya: andikeni majina mawili kwenye bango na kwenye programu, na huyo wa pili mumlipe au mumtuze hata siku ambayo hakuimba.