Foleni ya Taifa na Wodi za Kilwa

Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilianza kudahili wanafunzi wa shahada ya kwanza, wa udaktari wakiwemo, kupitia mfumo mmoja wa taifa, yaani foleni moja kwa nchi nzima. Mwaka 2017 vyuo vikarudishiwa kazi ya kupokea maombi. Miaka hiyo saba ilizua ubishi mkubwa kuhusu haki ya mwombaji: nani kamchagulia chuo, na kwa nini kakosa alikopenda. Haki ya mgonjwa wa Kilwa Kivinje, mkoani Lindi, haikuzungumzwa sana, ingawa ndiye anayesomeshewa daktari. Leo daktari anayetaka ubingwa huomba moja kwa moja vyuo vya Muhimbili, KCMC au Bugando, lakini ufadhili wa Wizara ya Afya bado hugawiwa kutoka makao makuu. Ndiyo maana historia ya foleni za taifa inatuhusu.

Historia hiyo ina ushahidi, nao unatoka kwenye ajira za afya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 halmashauri zilipewa madaraka ya kuajiri watumishi wao wa afya. Miaka michache baadaye ajira na upangaji wa vituo vikarejeshwa wizarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha njia hizo mbili katika wilaya za pembezoni. Halmashauri zilikwama kwenye vibali na ucheleweshaji, na wataalamu wa juu hawakuzikubali kirahisi. Ila watumishi wa kada za chini walioajiriwa nazo walidumu. Wizara ilipata wenye sifa na kuwasambaza vizuri zaidi, kisha wakaondoka. Kumpata mtu na kubaki naye ni kazi mbili, na foleni ya taifa huweza ile ya kwanza tu.

Pwani ya Lindi inajua gharama ya mtaalamu asiyebaki. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika yaliweza kumzuia kwa siku nyingi. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara wilayani Kilwa. Mama anayehitaji upasuaji siku kama hiyo hana rufaa ya kwenda popote, anamtegemea aliyepo. Kwa miaka mingi aliyekuwepo katika hospitali za wilaya alikuwa daktari msaidizi, tabibu mzoefu aliyeongezewa mafunzo. Utafiti wa Mwanza na Kigoma, nao wa mwaka 2009, ulikuta ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na matokeo yao hayakupishana kwa kiasi cha maana na ya madaktari kamili. Mafunzo ya kada hiyo yamesitishwa. Kwa maoni yangu pengo hilo halijazibwa.

Wanaotetea foleni moja husema inazuia upendeleo, na hoja hiyo ni nzito: kiti cha ubingwa kikigawiwa wilayani, mtoto wa mkubwa atatangulia. Wengine wanahofia viwango kushuka. Lakini vigezo na mtihani vinaweza kubaki vya taifa huku baadhi ya nafasi zikitengwa kwa hospitali zinazotajwa kabla ya maombi kufunguliwa: moja ya daktari wa uzazi kwa Kinyonga, hospitali ya Wilaya ya Kilwa, moja ya daktari wa usingizi kwa Sokoine, hospitali ya Mkoa wa Lindi. Anayeiomba aombe akijua atakakofanya kazi, asaini mkataba wa kurudi, na akute nyumba na chumba cha upasuaji vinamsubiri. Nafasi hizo zishindaniwe kwanza na madaktari ambao tayari wanatumikia mkoa huo.