Surua, Chanjo na Fatwa Iliyosomwa Nusu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Surua si maradhi mageni kwa wanazuoni wetu. Abu Bakr ar-Razi, tabibu wa Rayy aliyefariki karibu mwaka 313 Hijria (925 Miladia), aliandika risala mahsusi kuhusu ndui na surua. Ndui imekwisha duniani, lakini surua ingali inaua watoto, ilhali kinga yake ipo.

Ili surua isienee, hutakiwa watu 95 hivi katika kila 100 wawe na kinga. Mwaka 2017 Indonesia iliendesha kampeni ya chanjo ya surua na rubela katika kisiwa cha Java, na lengo likafikiwa. Agosti 2018 ilipofika zamu ya visiwa vingine, waumini waliuliza: je, chanjo hii ni halali?

Baraza la Maulamaa la nchi hiyo (MUI) likachunguza, likakuta kwamba katika utengenezaji wake kimetumika kitu kitokanacho na nguruwe. Fatwa yake namba 33 ya mwaka huo ikatamka mambo mawili. Kwanza, chanjo hiyo kwa asili yake ni haramu. Pili, kwa wakati ule imeruhusiwa kwa dharura, kwa kuwa iliyo halali haijapatikana na wataalamu waaminifu wamebainisha hatari ya kuiacha.

Wengi walilishika la kwanza, la pili wakaliacha. Nje ya Java lengo halikufikiwa, na Aceh, jimbo linalosifika kwa kushika dini, likawa nyuma kabisa.

Ndugu zetu, aya ya 173 ya Suratul Baqara iliyoharamisha nyama ya nguruwe ndiyo hiyo hiyo iliyomwondolea dhambi mwenye kulazimika bila ya kuasi wala kuvuka mipaka. Basi ruhusa nayo ni sheria, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio yake makuu.

Mwaka 2025 surua ililipuka Sumenep, kisiwani Madura, na watoto 17 wakafariki, karibu wote wakiwa hawakuchanjwa. Hatusemi kwamba sababu ni fatwa ile, bali tunasema pengo la kinga, liwe limetokana na nini, hulipwa na watoto.

Enyi maimamu, mkiulizwa juu ya fatwa, isomeni mpaka mwisho wake.

Wallahu aalam.