Chokaa Inayopukutika

Fundi akijaza upya mianya ya ukuta wa mawe Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisha kazi ikapukutika, lawama huiangukia chokaa. Historia ya pwani inakataa hukumu hiyo. Husuni Kubwa, kasri la Kilwa Kisiwani, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa katika karne ya 14, na sehemu ya kuta zake bado imesimama. Kilichopungua ni subira. Wazee walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wakayazima kwa maji, wakaiacha chokaa ikae muda mrefu kabla ya kuitumia. Maana chokaa haishiki kwa kukauka tu. Hurudi kuwa jiwe polepole, kwa kuvuta hewa ukaa ingali na unyevu. Ukuta usiorowanishwa huinyonya maji, jua humalizia, kinachobaki ni vumbi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa nao huleta chumvi.

Wapo wanaosema saruji imemaliza tatizo, kwa kuwa ni ngumu na ya haraka. Ugumu huo ndio kasoro yenyewe: ukuta wa matumbawe hutoa unyevu wake kupitia viungo, saruji ikiviziba, maji na chumvi huhamia kwenye jiwe na kulimomonyoa. Hoja yao ya muda na gharama ni nzito zaidi, lakini jiwe lililoliwa halijaziki kwa chokaa wala saruji. Mafundi, rowanisheni ukuta kwanza, kisha mkishajaza chokaa, ufunikeni kwa magunia mabichi.