Kisanduku cha Kilo Nne na Nusu

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Paris jimboni Kentucky, Marekani, fundi saa George Snyder alitengeneza rili ya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki. Waingereza walishakuwa na rili za magurudumu yenye meno kabla yake, lakini ya Snyder ilichongwa kwa usahihi wa saa ya mfukoni. Mkono wake ukizungushwa mara moja, kigurudumu chenye mshipi kilizunguka mara kadhaa, na mvuvi alipotupa chambo, mshipi ulitoka bila kukwama. Kuanzia miaka ya 1830 ndugu wawili wa mji wa Frankfort, Jonathan na Benjamin Meek, nao mafundi saa, wakaiendeleza kazi hiyo. Rili ya Kentucky ikawa na sifa kote nchini.

Samaki aliyewafanya mafundi hao wahangaike ni besi, yule mwenye mdomo mpana, mwili wa kijani na mstari mweusi ubavuni. Taya lake la juu hupita hata nyuma ya jicho. Si samaki wa kukimbiza mawindo masafa marefu. Hujibanza kivulini, kando ya gogo, chini ya magugu au ukingoni mwa shimo, akasubiri, kisha akachomoka ghafla na kumeza. Anayemvua hana budi kukifikisha chambo karibu kabisa na maficho hayo huku yeye mwenyewe akikaa mbali, na hapo ndipo rili nzuri ilipokuwa na thamani.

Hata hivyo, wavuvi wengi wenye fedha wa pwani ya mashariki walimwona besi kuwa samaki wa hivihivi tu. Heshima yao yote waliiweka kwa trauti. Mwaka 1881 daktari James Henshall alitoa kitabu kizima cha kumtetea besi, akidai kwamba kwa ukubwa ule ule hakuna samaki anayepigana kama yeye. Aliandika pia kuhusu zana kwa undani, akipendekeza fimbo fupi na nyepesi kuliko zilizozoeleka. Lakini chambo chake kilikuwa bado kile kile cha zamani: kisamaki hai, chura, au nzi wa manyoya.

Chambo cha mti kilikuja na James Heddon, mfugaji nyuki maarufu wa mji wa Dowagiac, Michigan. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameketi kando ya maji akimsubiri rafiki yake, huku akichonga kipande cha mti kwa kisu. Alipokitupa majini, besi akakirukia. Iwe ilikuwa hivyo au vinginevyo, vyura wa mti aliowachonga katika miaka ya 1890 wapo hadi leo mikononi mwa wakusanyaji wa zana za kale, na mwanzoni mwa karne ya 20 familia yake ilikuwa na kiwanda. Wakati huo huo, katika mji wa Kalamazoo kwenye jimbo hilo hilo, William Shakespeare alianza mwaka 1897 kuuza rili yenye kidude kinachokwenda kulia na kushoto na kuupanga mshipi sawasawa. Kabla ya hapo mvuvi aliupanga kwa kidole gumba, na akikosea kidogo alipata fundo la kumkalisha chini nusu saa.

Katika enzi hiyo mtu alivua ziwa la kwao. Alijua gogo liko wapi, shimo liko wapi, na samaki hulala wapi jua likiwa kali, kwa sababu baba yake alimwonyesha. Hakuhitaji sanduku kubwa la zana. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa tarehe 2 Juni 1932, jimboni Georgia. George Perry, kijana mkulima wa miaka 20, alikwenda na rafiki yake kwenye ziwa la Montgomery, ambalo ni mkono wa kale wa mto Ocmulgee uliojitenga na mto wenyewe. Kati yao wawili walikuwa na fimbo moja na chambo bandia kimoja, kisamaki cha mti cha kampuni ya Creek Chub, wakivua kwa zamu. Zamu ya Perry ilipofika, alimnasa besi wa pauni 22 na aunsi 4, yaani zaidi ya kilo 10. Alimpima mjini, akampeleka nyumbani, na familia ikamla. Dunia nzima ya wavuvi wa besi imekaa ikiifukuza rekodi hiyo. Julai 2009 Manabu Kurita alimvua besi wa uzito karibu ule ule katika ziwa Biwa, Japani, na wawili hao wakaandikwa pamoja.

Mwaka mmoja tu baada ya samaki wa Perry, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha mamlaka ya bonde la mto Tennessee, TVA. Bwawa la Norris lilikamilika mwaka 1936, na mengine yakafuata mtoni kote. Kikosi cha wahandisi wa jeshi nacho kikajenga yake katika Arkansas, Texas na majimbo jirani. Upande wa magharibi, bwawa la Hoover lilikuwa limeziba mto Colorado tangu mwaka 1935, na jangwani likatokea ziwa Mead. Lengo lilikuwa umeme, kuzuia mafuriko na maji ya kumwagilia. Wavuvi hawakuwamo katika hesabu kabisa, ila ndio waliojikuta wakikabidhiwa mamilioni ya ekari za maji mapya.

Na maji hayo hayakuwa na wazee wa kuyaeleza. Chini yake kulikuwa na mashamba, nyua, barabara, visiki, misingi ya nyumba na njia ya mto wa zamani, lakini juu palionekana uso mmoja tambarare wa maji hadi upeo wa macho. Shida ilizidi majira ya joto. Jua linapopiga wiki nyingi mfululizo, ziwa lenye kina hujigawa: maji ya moto na mepesi hubaki juu, maji baridi na mazito hulala chini, na katikati hukaa tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla. Tabaka la chini halipati hewa kutoka juu, na mabaki yanayooza kule sakafuni huimaliza oksijeni iliyopo. Kwa hiyo kufikia Agosti, katika maziwa mengi ya namna hiyo, besi mkubwa haoni raha ufukweni mchana, wala hawezi kukaa chini kabisa. Huchagua kina cha kati, pale ambapo kitu fulani cha ardhini, kama ncha ya kilima kilichozama au ukingo wa mto wa zamani, kinakutana na maji yenye hewa. Alfajiri hupanda kula pembeni, kisha hurudi. Anayetupa chambo cha kuelea saa sita mchana anatupa mahali pasipo na samaki.

Swali la zana likabadilika moja kwa moja. Zamani mvuvi alijiuliza ni chambo gani kitamvutia besi. Sasa alitaka kwanza chambo cha kumwambia kina.

Aliyelijibu mapema ni Elwood Perry wa North Carolina, msomi wa fizikia ambaye wavuvi walimwita Buck. Katika miaka ya 1940 alianza kutengeneza vyambo vya bati lililokunjwa, vya saizi mbalimbali, kila saizi ikiwa na kina chake inapokokotwa nyuma ya boti. Aliingia ziwa asilolijua akaanza kurambaza na chambo kidogo, akafuata na kikubwa, kisha kikubwa zaidi. Chambo kilipokwaruza ardhi, fimbo ilitetemeka mkononi, naye akajua pale pana futi ngapi, kama ni matope, changarawe au mwamba, na ukingo unaanzia wapi. Alikuwa akichora ramani ya ziwa kwa chambo hicho hicho alichotegemea kimpatie samaki. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna aliyeifanyia kazi akili ya mvuvi wa besi zaidi ya Buck Perry, ingawa majina ya wauza zana yanajulikana zaidi.

Mwaka 1957 familia ya Lowrance ikatoa kifaa cha sona cha kubebeka, kinachopeleka sauti chini na kuonyesha kina kwa mwanga unaomweka kwenye duara. Carl Lowrance na wanawe walikuwa wapiga mbizi, na walikuwa wameona kwa macho yao kwamba samaki hukusanyika mahali maalumu huku sehemu kubwa ya ziwa ikiwa tupu. Kazi iliyomchukua Buck Perry asubuhi nzima ikawa ya dakika chache.

Ila kujua samaki yuko futi 20 chini, katikati ya visiki, si sawa na kumpata. Ndoana tupu ikishuka pale hung'ang'ania mti. Dawa ilitoka jikoni kwa Nick Creme, fundi mitambo wa Akron, Ohio, ambaye mwaka 1949 alimimina mnyoo laini wa plastiki baada ya majaribio mengi aliyoyafanya pamoja na mkewe. Mnyoo huo ulipofika kwenye mabwawa ya Texas yaliyojaa miti, wavuvi wa huko wakaufunga kwa namna yao. Kwanza chubwi lenye umbo la risasi huingizwa kwenye mshipi na kuachwa liteleze. Kisha ndoana hufungwa, ncha yake ikachomwa kichwani mwa mnyoo, ikatokea ubavuni karibu, ikageuzwa, na kurudishwa ndani ya mwili wa mnyoo hadi ikafichika. Chubwi hutangulia na kupenya matawi, mnyoo hufuata, na hakuna kinachong'ang'ania. Besi anapouma, mvuvi huinua fimbo kwa nguvu na ncha hutoboa plastiki na kuingia mdomoni. Mpaka leo, mtu akifika ziwa geni wakati wa joto akiwa na pakiti moja tu ya vyambo, mara nyingi huwa amebeba minyoo hii.

Rangi ya mnyoo, na umbo la vyambo vingine, hufuata chakula cha samaki. Katika maziwa mengi ya kusini mwa Marekani chakula hicho ni pamoja na kamba wa maji baridi. Wakenya wanaweza kuliona jambo hilo bila kusafiri: besi wa Marekani waliingizwa ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na kamba wa Louisiana mwaka 1970, naye besi akamtambua jamaa huyo wa kwao na kumla.

Kufikia miaka ya 1960 mvuvi wa besi alikuwa na sanduku lenye ghorofa kama za jengo. Hapo akatokea Ray Scott, wakala wa bima wa Montgomery, Alabama, aliyeamini kuwa kuvua besi kunaweza kuwa mchezo wa mashindano kama gofu. Juni 1967 aliwakusanya wavuvi 106 kwenye Beaver Lake, Arkansas, bwawa lililokamilika mwaka mmoja tu uliotangulia. Stan Sloan wa Tennessee akashinda. Mwaka 1968 Scott alianzisha chama cha B.A.S.S., na kila shindano likazusha minong'ono ile ile: fulani kashinda kwa sababu ziwa ni la kwao, fulani kashinda kwa sababu ana zana nyingi.

Scott akaamua kuyaondoa yote mawili kwa mpigo. Oktoba 1971 aliwaalika wavuvi 24 bora wa mwaka, akawapandisha ndege Atlanta pamoja na waandishi wa habari, bila kumwambia hata mmoja wanakwenda wapi. Boti zilikuwa za aina moja kwa wote. Na kila mmoja aliruhusiwa zana zisizozidi pauni 10, yaani kilo nne na nusu. Mtu aliyezoea kubeba vyambo vya kila kina na kila rangi alilazimika kupanga kisanduku chake nyumbani, bila kujua kama atakuta maji ya tope yenye miti au maji maangavu yenye mawe. Ndege ikiwa angani ndipo Scott akatangaza: ziwa Mead, Nevada.

Wengi wao walikuwa watu wa kusini, watoto wa mabwawa yenye visiki. Mead ni maji ya jangwani, safi, yaliyozungukwa na miamba mitupu. Walipewa muda mfupi wa kuliangalia ziwa, kisha siku tatu za shindano. Aliyeibuka na zawadi nzima ya dola 10,000 ni Bobby Murray wa Hot Springs, Arkansas, kwa jumla ya karibu kilo 20 za samaki, na chambo chake kikuu kilikuwa cha waya wenye visahani vinavyozunguka na kumetameta, ambacho kinaweza kuvutwa karibu na uso wa maji au kuachwa kizame. Kwa kisanduku kidogo, kitu kimoja kinachofanya kazi katika vina viwili kina faida kuliko vitu viwili.

Scott aliendelea na siri yake kwa miaka kadhaa. Mwaka 1972 ndege ilitua Tennessee, kwenye ziwa Percy Priest. 1973 ikawa Clarks Hill, mpakani mwa Georgia na South Carolina. 1974 ziwa Wheeler, Alabama. Haya yote ni mabwawa, na waliofika na sona na mnyoo walijua pa kuanzia. Mwaka 1975 aliwapeleka Currituck Sound, North Carolina, hori la pwani lenye chumvi kidogo, lililojaa magugu, ambako sehemu kubwa mtu mzima husimama na kichwa kikabaki nje. Hakuna ukingo wa mto uliozama wa kutafuta, wala kina cha kupima. Jack Hains wa Louisiana ndiye aliyeshinda.