Rosa Mistika: Aliyeandika Barua Alipigwa na Nani?

Mwaka 1971 yalitokea nchini mambo matatu ambayo wanahistoria wetu hawana desturi ya kuyataja kwa pamoja. Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba yake, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Serikali, ikiadhimisha miaka 10 ya Uhuru, iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Wakati wa Furaha, ambamo wananchi walikusanyika kwa makundi kusikiliza vipindi na kuvijadili. Na East African Literature Bureau ikachapisha riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, ambaye wakati huo hakuwa amefikisha hata miaka 30. Riwaya hiyo ni Rosa Mistika.

Kisa chake kinajulikana kwa waliopita sekondari. Rosa anakulia Namagondo chini ya Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga vibaya kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Anakwenda kusoma Mwanza akiwa na hofu ya wanaume iliyopandikizwa kwa fimbo. Hofu hiyo inapovunjika, hakuna aliyemfundisha kitu kingine cha kuweka mahali pake. Chuoni Morogoro mkuu wa chuo mwenyewe yumo miongoni mwa wanaomtumia. Anatoa mimba. Baadaye Charles, yuleyule mwandishi wa barua, anataka kumwoa, kisha anamwacha anapogundua kwamba si bikira. Rosa anajiua.

Kitabu kilizuiwa shuleni mara baada ya kutoka, kwa hoja ya maadili. Baadaye kikarudishwa na kuwa kitabu cha mtihani. Kwa maoni yangu kurudishwa huko ndiko kulikokidhuru zaidi, maana kitabu kilichopigwa marufuku husomwa chini ya blanketi kwa moyo wote, lakini kitabu cha mtihani husomwa kwa maswali ya mwalimu. Na maswali tuliyozoea yalimhusu msichana: taja makosa ya Rosa, eleza funzo analopata binti wa leo. Kezilahabi, aliyelelewa katika seminari ya Nyegezi na kuijua vizuri lugha ya dhambi na kitubio, alikuwa ameandika juu ya nyumba, shule na kijiji vinavyomtengeneza binti kisha vinamhukumu. Sisi darasani tukabaki na hukumu peke yake.

Niliyasikia haya upya, nasema niliyasikia kwa maana halisi ya neno, kwa sababu ya wanafunzi wangu kadhaa waliorekodi riwaya nzima kwa simu ili mwenzao asiyeona aweze kujiandaa. Sauti zao hazina ufundi wa studio. Kuna mahali jogoo anawika, na kuna mahali msomaji anasita kabla ya kifo cha Rosa, anakohoa, ndipo anaendelea. Rekodi hiyo niliisikiliza melini kutoka Mwanza kwenda Nansio. Sikuwa na spika za masikioni, na kwa kuwa safari ya ziwani ni ndefu, majirani wakasogea. Mama mmoja mwenye gunia la dagaa alisikiliza kipigo cha Zakaria hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Mwalimu, na aliyeiandika hiyo barua, yeye alipigwa na nani?”

Katika miaka yote ya kusahihisha karatasi sijakutana na swali la mtihani lililoufikia moyo wa riwaya hii kwa haraka kiasi hicho.

Historia ya sera zetu imelikwepa swali hilo kwa muda mrefu. Kwa miongo mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa shule. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake waliopata mimba hawatarudi shuleni. Ni haki kukumbusha kwamba mwaka 2016 sheria ilikuwa imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini afisa yeyote wa elimu au ustawi wa jamii anayesoma hapa anajua jinsi shauri linavyoweza kumalizwa kwa ng’ombe wawili na kikao cha ukoo. Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurejea masomoni. Yaani nusu karne baada ya Rosa.

Sheria ya Ndoa nayo imekuwa ngumu kuliko hiyo. Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile, na mwaka mwingine mmoja ukapita bila vifungu kubadilishwa. Kezilahabi alifariki Januari 2020, miezi michache baada ya hukumu hiyo.

Makundi ya kusikiliza redio ya miaka ya sabini yalikuwa na kasoro zake, kwa kuwa ajenda ilitoka juu na majibu yalitarajiwa kufanana. Hata hivyo yalikuwa na jambo moja ambalo msomaji wa kimyakimya hana: mtu akisikia neno zito, humtazama jirani yake. Baba hawezi kuisikiliza sura ya kipigo mbele ya binti zake kama anavyoweza kuisoma akiwa peke yake. Ningependa walimu wa kanda ya ziwa walijaribu hilo katika vikao vya wazazi, kwa sura moja tu.

Wanafunzi wangu sasa wamehamia kwa Mkerewe mwingine, Aniceti Kitereza. Aliimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, muda mfupi kabla ya kifo chake. Ni juzuu mbili nene. Wamesimama kwenye ubishi wa namna ya kutamka jina la mtoto Ntulanalwo, na wamemwita mzee mmoja wa Bukindo aje awaamue.