Profesa Ghai alivyogoma kuapishwa hadi mahasimu wapatane

Kila ifikapo Agosti 27, siku ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 ilizinduliwa Uhuru Park, wanasiasa hupanda jukwaani kujisifu kuwa wao ndio walioipigania. Ni nadra kusikia wakimtaja Profesa Yash Pal Ghai. Hiyo ni aibu.

Mzaliwa wa Kenya wa mwaka 1938, Ghai alisomea sheria Oxford na Harvard, akafundisha Dar es Salaam kitivo cha sheria kilipokuwa kingali kichanga, kisha Warwick na Hong Kong. Papua New Guinea ni miongoni mwa nchi alizozisaidia kuandika katiba.

Mwishoni mwa 2000, serikali ya Rais Moi ilimwita nyumbani kuongoza tume ya kurekebisha katiba. Alikuta nchi imepasuka. Bunge lilikuwa na mchakato wake, ukisukumwa na kamati ya Raila Odinga. Viongozi wa dini na wanaharakati, waliokuwa wakikutana Ufungamano House jijini Nairobi, walikuwa na tume yao chini ya Dkt Oki Ooko Ombaka. Moi mwenyewe alikuwa ameuliza, Wanjiku, yaani mwananchi wa kawaida, anajua nini kuhusu katiba?

Ghai alikataa kula kiapo pamoja na makamishna wenzake. Aliomba kwanza apewe nafasi ya kuwapatanisha mahasimu. Ikawa ni kwenda na kurudi, leo kwa maaskofu na mashehe, kesho kwa wabunge, huku kila upande ukimshuku kuwa ametumwa na mwenzake. Angeapa siku ile, angekuwa mwenyekiti wa nusu ya nchi. Mwaka 2001 pande hizo mbili ziliungana, na Ombaka akawa naibu wake.

Kisha Wanjiku akaulizwa mwenyewe. Tume ilizuru maeneobunge yote 210, na wananchi wakasimama mbele ya makamishna kueleza walivyopokonywa ardhi na walivyonyanyaswa na machifu. Maoni hayo ndiyo yaliyopelekwa kwenye kongamano la kitaifa la katiba katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, mbele ya wajumbe 629.

Machi 2004 mawaziri walitoka Bomas kwa hasira, na mwaka huohuo Ghai akajiuzulu. Rasimu iliyochakachuliwa baada yake ilikataliwa na wapigakura mwaka 2005. Hata hivyo, ugatuzi na sehemu kubwa ya Sheria ya Haki tunazojivunia leo katika Katiba ya 2010 vina mizizi Bomas.

Baadaye aliongoza tume ya katiba ya Fiji, ambako mwaka 2012 polisi walichoma kurasa za rasimu yake. Nchini Kenya alishiriki kuanzisha Katiba Institute, ambayo imeishtaki serikali mara nyingi kuitetea Katiba ya 2010.

Ripoti za tume yake, zenye sauti za wananchi wa kila eneobunge, hazistahili kufichwa kwenye makabati. Serikali izichapishe upya, kwa Kiswahili, na kuziweka katika maktaba za kaunti zote 47.